Mji wa Ami Mmadi

Mjukuu wa Bi Zuwena alinipigia simu Jumatatu, akaniuliza kwa Kiingereza kama ninaweza kwenda Hayes, pembeni ya London, siku ya hitima nikawasomee majina. Shaaban imeingia, na hii ndiyo Shaaban ya kwanza bila ya Bi Zuwena. Karatasi yake ya marehemu, ile aliyokuwa akiitoa kila mwaka kabla ya mfungo ili watu wake waliotangulia waombewe dua kwa majina, imeonekana kwenye droo ya kitanda. Lakini watoto wa nyumba ile Kiswahili wanakisikia tu, kukisoma hawawezi, na mwandiko wa bibi yao ulikuwa ukimshinda hata mtu wa posta. "You're the only one, Auntie," alisema. Nikamwambia nitakuja. Kisha akaniuliza habari ya kitu kingine, kisu kilichokuwemo ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, kimepinda mbele kama mdomo wa kasuku, kipini cha mti, na hakuna anayejua ni cha kazi gani. Walitaka kukitupa. Nikamwambia asikitupe. Kile ni kisu cha Ami Mmadi, na kazi yake naijua kuliko kazi nyingi nilizowahi kuzifanya mwenyewe, ingawa sijapata kukishika hata siku moja.

Nilikaa nyumba ile mwaka mmoja tu, 1996, na kila nikijaribu kuukumbuka, vyumba huja kabla ya watu. Changu kilikuwa juu ya mlango wa mbele, chumba ambacho kitanda kikishaingia mtu anasimama kwa kuomba ruhusa. Ndege za Heathrow zilipita juu ya paa kila baada ya dakika chache, chini mno hata magurudumu yalionekana, na vikombe vilivyotundikwa jikoni viligongana. Wageni walishtuka. Mimi baada ya wiki mbili nilikuwa sizisikii tena. Ndege hizo hizo ndizo zilizonilisha, maana nilifanya kazi kwenye ghala moja la kupanga vyakula vya abiria, zamu ya kuanza saa kumi na moja alfajiri mpaka saa saba mchana. Trei inakuja kwenye mkanda, unaweka mkate, siagi, kikombe, kisu na uma vilivyofungwa pamoja, trei inaondoka, inakuja nyingine. Karatasi zangu za kuomba ukimbizi zilikuwa Home Office tangu mwaka uliotangulia, na wakili alishanionya kwamba nikitoka nchini kabla ya jibu, nimejifukuza mwenyewe. Kwa hiyo nilipanga chakula cha watu wanaosafiri, kisha nikarudi nyumbani kwa basi.

Bi Zuwena, mwenye nyumba, alikuwa Mngazija wa Unguja, mtu wa mtaa wa Malindi, aliyetoka Zanzibar zamani na mume na mabegi mawili. Mume alikufa, mabegi yakabaki juu ya kabati. Alikuwa mpishi kwenye skuli moja ya watoto wadogo, akirudi saa kumi jioni ananuka maharage ya kopo, anaoga, ndipo anapika chakula cha watu. Maneno hayo ni yake. Nyumbani alikaa na kaka yake kwa baba, Ami Mmadi, mzee wa miaka sabini hivi, mrefu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Yeye hakufuata njia ya Dubai wala ya Muscat kama wengine. Wangazija wengi wa Unguja walikuwa na karatasi za Kifaransa, na baada ya mapinduzi yeye alizitumia, akaenda Ufaransa, akafanya kazi huko miaka zaidi ya ishirini. Alipostaafu dadake alimwita Hayes. Alikuja na begi, koti la mvua, na kopo la biskuti. Miezi mitatu ya mwanzo ya kukaa kwangu pale sidhani kama tulisemezana zaidi ya salamu.

Simu ilikuwa kwenye ukumbi, chini ya ngazi, na siku iliyolia, Jumatano moja ya Machi, mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kazini, nimekaa ngazi ya tatu navua viatu. Ami Mmadi aliipokea. Nilisikia akisema naam, naam, inna lillahi, naam, bila ya kunitazama. Kaka yangu, kama inavyotakiwa, hakutaka kunipa habari yeye mwenyewe kwa waya. Alimuuliza kama kuna mtu mzima ndani ya nyumba, akampa yeye ili anipe mimi kwa upole. Ami Mmadi alikata simu, akaenda jikoni, akarudi na gilasi ya maji. Akachutama mbele yangu, na magoti yake yakalia. "Raya, mwanangu," akasema, "mamaako, Bi Mize binti Faki, Mungu kamchukua jana. Washamzika." Nikasema, "Haya." Nikanywa maji. Kisha nikamuuliza kama wali wa jana umebaki.

Nilikula sahani nzima, wali na mchuzi wa bamia, naye akakaa ananitazama. Nilikuwa nikingojea kitu kije. Mama nilimwambia nakwenda kusoma miezi sita. Sikumwambia nakimbia, na kila nilipopiga simu alikuwa akiniuliza nimebakisha mingapi. Nilijua kwamba mtu mwenye hatia kama ile anapaswa kuanguka chini. Sikuanguka. Mwili wote ulikuwa na ganzi, ile ya mguu ulioukalia, isipokuwa kwamba mguu ukiunyoosha hurudi. Nilipomaliza kula nikaosha sahani, nikamwambia, "Ami, naomba usimwambie Bi Zuwena."

Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Ataweka matanga." Hilo lilimtosha, maana alimjua dadake. Bi Zuwena angetoa makochi sebuleni, angetandika magodoro, na kwa siku tatu wanawake wangekuja kutoka Lewisham na Queensbury na thermos za chai, wakakaa wakanitazama usoni. Wangefanya hivyo kwa mapenzi. Lakini wiki moja tu kabla ya hapo, nikiwa ngazini, nilimsikia jikoni Bi Shemsa, rafiki yake Bi Zuwena wa Queensbury, akimsema msichana mmoja aliyefiwa na mama. "Tumefika kumhani, anatuuliza chai tuitie sukari ngapi. Jicho kavu. Mie nikasema huyu si mtoto, hili jiwe." Na Bi Zuwena akajibu, "Astaghfirullah, London hii." Nilichokuwa nikikilinda ni hicho tu. Sikutaka wanione sina machozi, wakajua kitu kunihusu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa ndiyo kwanza nakijua. "Sawa," akasema Ami Mmadi. "Siri yako. Lakini hapa mezani utakula na mie kila siku." Alivyolisema ilikuwa amri.

Kesho yake nilipofika saa nane na nusu chakula kilikuwa mezani, samaki wa kukaanga na mkate wa duka, na yeye anangoja. Hakuniuliza nimelala vipi. Akaniuliza, "Ufaransa unaijua?" Nikasema siijui. "Hata mie siijui," akasema. "Naujua mji mmoja." Na ndivyo alivyoanza.

Mji unaitwa Montreuil, na wenyewe huongeza "wa baharini", kwa kuwa Montreuil ziko nyingi. Ofisini alikopangiwa kazi walimtajia miji miwili iliyotaka vibarua, na mmoja ni huo. "Mtu wa Malindi unamwambia kuna mji wa baharini, atauliza nini tena?" Alifika kwa treni, Januari, akapanda kilima na begi lake mpaka lango la ngome, akapita ndani, akatokea upande wa pili, akapanda ukutani kutazama maji. Akaona mashamba, mto mwembamba, ng'ombe, na ukungu. Akamwuliza mama mmoja kwa mikono, akimwonyesha mawimbi, na yule mama akanyoosha kidole mbali kabisa. Bahari ilikuwepo kweli. Zamani meli zilifika mpaka chini ya kilima, na mfalme wa Ufaransa alikuwa akiingiza na kutoa mali yake hapo, nguo na mvinyo. Kisha mdomo wa mto ukaanza kujaa mchanga, mwaka huu kidogo na mwaka ule kidogo, mpaka maji yakawa mwendo wa nusu siku kwa miguu. "Na jina wasilibadilishe?" nikauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza kitu tangu nilipoulizia wali. "Wabadilishe kwa nini?" akasema. "Iliyoondoka ni bahari."

Nikiyafikiria sasa mazungumzo yale naona hayakuwa mazungumzo. Yeye alisema na mimi nilikula. Lakini kila siku aliongeza kipande. Nyuma ya bahasha ya bili ya gesi alinichorea umbo la mji, yai lililobonyea upande mmoja, na kwenye yai akaweka malango, kanisa, uwanja wa soko la Jumamosi, na ngome ndogo ndani ya ngome kubwa, mahali pa askari. Ukuta ni wa matofali mekundu na mawe meupe, na humo ndani yamo mawe ya zama zilizotangulia, maana kila mfalme alijengea juu ya kazi ya mwenzake. Mji ulipata kuzingirwa na jeshi la adui, likauchoma moto ukabaki majivu. Walipoujenga tena waliurudisha ukuta nyuma, wakaziacha nje nyumba za bondeni, na watu wa huko bondeni mpaka leo wanasema "tunapanda mjini" wakati ni mwendo wa dakika tano. Nilimwuliza kwa nini wasiwazungushie na wao. "Walikuwa wamechoka," akasema. "Ukichoka unalinda unachokiweza."

Bi Zuwena naye mara moja moja alikuwepo, siku za likizo ya skuli, na yeye hakuwa na subira na mji ule. Ami Mmadi alisimulia kwamba kwenye ngome ya askari kuna mnara, na wanasema malkia mmoja aliwekwa humo baada ya mfalme kumwacha, akaishia humo humo. "Kaachwa, kisha kafungiwa?" akauliza Bi Zuwena huku anakata vitunguu. "Kwao hakuna watu? Si wamrudishe kwao?" Ami akamwambia mambo ya kifalme hayako hivyo. "Basi wana kasoro," akasema Bi Zuwena, na kwa upande wake historia ya Ufaransa ikaishia hapo. Siku nyingine Ami alitusimulia kwamba katika vita vya kwanza vya dunia majenerali wa Kiingereza walihamia mji ule, wakapangia vita vyao vyote humo kwa sababu ulikuwa kimya, na mmoja wao amewekewa sanamu uwanjani, yuko juu ya farasi. "Kimya," alirudia Ami. Miaka ishirini na kitu aliyokaa pale hakuna aliyemwuliza kwa nini hakurudi kwao. Walimwamkia, wakamuuzia siagi, wakafunga madirisha saa moja ya jioni. Wengine wangesema watu wabaya. Yeye aliwapenda kwa hilo, na mimi nikiwa katika hali ile niliwapenda pia. Ulikuwa mji uliokuwa umelinda mlango dhidi ya maadui waliokwisha kufa wote, nao haujaona sababu ya kubomoa.

Ilipofika Juni nilikuwa naujua mji ule kuliko Hayes. Kazini, trei zikipita, nilikuwa natembea juu ya ukuta. Mkate, naanza lango la kituo cha treni. Siagi, miti mikubwa. Kikombe, bondeni upande wa kushoto kuna mto. Ukuta mzima ni kiasi cha maili mbili, na kwa zamu moja nilikuwa nikiuzunguka mara nyingi. Msimamizi wetu, dada wa Kigoa aliyezaliwa Nairobi, aliniambia, "Sijawahi kuona mtu asiyeongea kama wewe." Nikamwambia nipo. Mama sikumfikiria. Nasema hivi bila ya kujisifu wala kujilaumu: zilipita wiki ambazo sikumfikiria hata mara moja, na zilipokwisha nilihisi kama nimemwibia mtu.

Balaa lilikuja kwa njia ya wema. Mwezi wa Septemba jirani mmoja wa Bi Zuwena alikuwa anasafiri kwenda Unguja, na Bi Zuwena akaniita chumbani kwake. Kitandani kulikuwa na kifurushi: mafuta ya kuchua magoti, na kitambaa cha gauni chenye maua ya buluu. "Cha mamaako," akasema. "Ulinambia magoti yanamsumbua. Kitambaa nimechagua mie, mtu mzima asivae rangi za kitoto." Ami Mmadi alikuwa mlangoni, nikamwona amejishika kwenye fremu. Hapo ndipo ingefaa niseme. Nikasema, "Ahsante, Bi Zuwena, atafurahi." Kifurushi kikaenda. Kaka yangu alinipigia baadaye akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia ampe dada yetu kitambaa. Siku jirani aliporudi nilingoja kutwa nzima nifichuliwe, nikasikia kicheko chao ukumbini, wakinywa chai, na hakuna aliyeniita. Nikajua nimeponyoka. Nilipanda chumbani nikalala na viatu.

Kesho yake Ami Mmadi aliweka kopo la biskuti mezani, akatoa kisu. Kazi yake Montreuil ilikuwa ukuta. Manispaa ilimwajiri na wenzake watatu kusafisha majani yanayoota kati ya matofali. Walifungwa kamba kiunoni, wakateremshwa upande wa nje, na kwa kisu kile walichomoa majani na miche. Mche mchanga unaung'oa wote, na mzizi wake. Lakini kuna miti iliyoachwa ikakua, mzizi mnene kama mkono, umeingia ndani ya ukuta umepasua tofali na kupita. Mwaka wake wa kwanza aliukuta mmoja wa namna hiyo, akaukamata kwa mikono miwili, na msimamizi akampigia kelele kutoka juu. Mzizi huo haung'olewi. Umeshavunja, lakini sasa ndio unaoshika. Ukiuvuta, ukuta wa mita nzima unakuja nao na wewe chini yake. Unaukata usawa wa tofali, unaziba kwa chokaa, unauacha ndani. "Unakwisha wenyewe?" nikauliza. "Mwingine unakwisha polepole, na chokaa inakaa mahala pake. Mwingine unachipua, unarudi kukata tena." Akakifuta kisu kwa kitambaa. Kisha akanambia, kwa sauti ile ile, kwamba barua ya kufa kwa mama yake ilimfikia Montreuil miezi minne baada ya mazishi, asubuhi, na yeye akaenda kazini, akateremshwa kwa kamba, akafanya kazi mpaka saa kumi, na wenzake walipovuta kamba hakuweza kukiachia kisu, vidole vilikataa. Msimamizi alimfungua kidole kimoja kimoja. Hakumwuliza kitu. Akampa kahawa kwenye bakuli, kama wanywavyo wao. "Sijapata kumwambia Zuwena," akasema. "Anadhani nililia. Na mie nimemwachia adhani."

Desemba ikaingia na Shaaban, na Bi Zuwena akafanya hitima yake. Wanaume walikaa sebuleni na sheikh, wanawake chumba cha nyuma mlango wazi, na mimi jikoni napakua pilau, kazi niliyoichagua mwenyewe. Kila mtu alikuwa na karatasi yake ya majina. Wakati wa dua sheikh aliyasoma, karatasi moja baada ya moja, na watu wakaitikia amin. Alipofika ya Ami Mmadi akasoma majina ya Kingazija, baba yake, mama yake, wajomba. Kisha akasoma, "Mize binti Faki." Nyumba nzima ikasema amin. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nililisikia jina la mama yangu likipita kwenye vinywa vya watu arubaini wasiomjua, likaombewa pepo, na mimi nikateka pilau nikatia kwenye sahani, nyama mbili kila sahani, moja ya mfupa. Machozi hayakuja hata hapo. Lakini sahani moja niliitia nyama tatu, na kwa mwaka ule hilo lilikuwa jambo kubwa.

Watu walipokuwa wanakula Bi Zuwena alimwuliza kakaake mbele ya wote, "Mize binti Faki ndiyo nani? Mie watu wako nawajua wote." Ami Mmadi akasema, "Mtu wangu." Bi Shemsa akacheka, "Zuwena, kakaako ana bibi wa siri." Na tangu siku hiyo ikawa ndiyo utani wa nyumba. Ami akichelewa dukani, alikuwa kwa Bi Mize. Akivaa shati jipya, anamvalia Bi Mize. Aliuchukua utani ule miaka mitano, mpaka alipokufa, hakujitetea hata siku moja. Mimi nilihama Hayes Januari, nikapata chumba Lewisham na baadaye karatasi, na baada ya karatasi maisha mengine ambayo hayamo humu. Kila nilipokwenda kumsalimia Bi Zuwena aliniuliza kazi, afya, mume. Kuhusu mama hakuniuliza tena. Nilidhani amesahau, nikashukuru.

Montreuil nilikwenda mwaka 2004, peke yangu, siku moja. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba miji ya kusimuliwa huwa midogo ukiifikia, na huu ulikuwa mdogo. Jenerali alikuwa juu ya farasi wake. Nilizunguka ukuta wote bila ya kumwuliza mtu njia, nikijua kila pembe kabla ya kuifikia, na mvua nyembamba ikininyeshea. Upande wa bondeni niliinama nikatazama chini, nikaviona: vigutu vya mizizi, vimekatwa usawa wa tofali, vyeusi, chokaa imezunguka. Sikujua alivyovikata Ami ni vipi. Nilinunua mkate na siagi, nikala kwenye benchi, nikangoja kitu kije, kama nilivyongoja mezani Hayes. Hakikuja, nikapanda treni ya saa tisa.

Na jana nikaenda hitima. Sebule ni ile ile, makochi mapya. Wanawake tulikaa chini, watoto wakikaa ngazini na simu zao, na mjukuu akanikabidhi kopo la biskuti nikaliweka pembeni, kisha karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi hata mikunjo imeanza kuchanika, na majina yameandikwa kwa kalamu tofauti, miaka tofauti. Nikasoma wazazi wake, mumewe, mashoga zake. Sauti yangu ilikuwa sawa. Nikasoma, "Mmadi bin Saidi, kakaangu." Wakaitikia. Mstari wa chini yake ulikuwa wa kalamu ya buluu iliyopauka, na nilishaanza kuutamka kabla ya kuumaliza kwa macho. "Mize binti Faki," nikasoma, "mama yake Raya wetu."

Sijui alijua lini. Labda jirani aliyepeleka kifurushi alirudi na habari yote, na kicheko nilichokisikia ukumbini kilikuwa cha kunificha mimi. Labda Ami alimwambia kitandani pake pa mwisho. Nilichokijua pale ni kwamba kila Shaaban, huku wakimtania Ami na bibi yake wa siri, Bi Zuwena, akiisoma karatasi yake mwenyewe kimoyomoyo kwa kuwa mwandiko ule ulimshinda sheikh, alikuwa akimwombea mama yangu kwa jina, na mbele yangu alikaa kimya ili nisilazimike kuonyesha uso. Mjukuu akaniuliza, "Auntie, is that you?" Nikasema ndiyo, ni mimi. Bi Shemsa, ambaye siku hizi hatembei bila ya fimbo, alijisogeza kwa makalio kutoka ukutani mpaka nilipo, ikamchukua muda, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa tulijua hapendi. Akaweka mkono juu ya goti langu. "Pole, mwanangu," akasema. "Kafa lini?" Nikafungua mdomo kumwambia zamani, na badala ya neno nikasikia sauti ambayo sikuijua ni yangu, na wanawake wote wakaja, kama nilivyoogopa kwamba watakuja, wakanikalia pande zote. Nililia mpaka karatasi ikalowa pembeni. Kisha Bi Shemsa akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akanirudishia karatasi, akaniambia nimalize, yalikuwa yamebaki majina kumi na moja.